Sura ya Sita: Je, Mgodi Unaweza Kuchimba Bila Kutuharibia Maji?

Swali hili halikosi kwenye mkutano wa kijiji unaoitishwa kuzungumzia mgodi. Iwe Geita, Kahama, Tarime au Kwale kwenye pwani ya Kenya, mtu husimama, akavua kofia, akauliza: hayo maji mtakayotumia mtayamwaga wapi, na ng'ombe wetu wakiyanywa itakuwaje? Mara nyingi hujibiwa kwa maneno mawili matatu ya kitaalamu, mkutano unaendelea, naye anaketi hajaridhika.

Sura hii inamjibu kwa kirefu. Jibu fupi analostahili kulipata kwanza ni hili: hakuna mgodi usioacha alama ardhini, lakini mito kufa na watu kuugua ni mambo yanayozuilika, na njia za kuyazuia zinajulikana. Kinachotofautisha mgodi na mgodi ni wakati ambapo gharama ya usafi inalipwa. Mgodi unaowajibika huilipa mapema, dhahabu ingali inatoka. Mgodi usiowajibika huiahirisha, na gharama iliyoahirishwa huja kulipwa na jirani.

## Pete moja, lori zima la mawe

Anza na pete ya ndoa. Tuseme ina gramu 5 za dhahabu. Katika migodi mingi mikubwa ya leo, tani moja ya mwamba wenye dhahabu hutoa gramu chache tu, tuchukue 2. Pete hiyo basi inahitaji tani mbili na nusu za mwamba. Kama mgodi ni wa shimo la wazi, yaani unaochimbwa kuanzia juu badala ya kupitia mahandaki, si ajabu kuondoa tani tano za mawe yasiyo na kitu ili kupata tani moja yenye mali. Ukijumlisha unapata tani 15: lori zima kwa pete moja.

Gramu 5 zinapanda ndege. Kilichobaki chote kinakaa palepale kijijini, katika sura tatu:

- Mawe taka. Ni miamba iliyoondolewa ili kuufikia mwamba wenye dhahabu. Hulundikwa kando ya shimo hadi kuwa vilima.
- Topesumu. Ni mabaki ya mwamba uliosagwa na kuchenjuliwa kiwandani, yakiwa yamechanganyika na maji na kemikali. Huhifadhiwa bwawani.
- Maji. Yapo ya mvua inayonyesha juu ya mgodi, ya chini ya ardhi yanayojaa shimoni, na ya kiwandani.

Vumbi, kelele na mtetemo wa baruti ni kero za kweli, nazo zina dawa zake: maboza ya kumwagilia barabara, saa za kulipua zinazotangazwa, vipimo vya mtetemo kwenye nyumba za majirani. Lakini kero hizo hukoma siku mitambo inapozimwa. Mawe taka, topesumu na maji vitaendelea kuwapo, na ndiyo maana sura hii inavipa nafasi kubwa zaidi.

## Mawe yanayotengeneza tindikali

Mwamba wenye dhahabu mara nyingi huambatana na pairaiti, madini ya chuma na salfa yenye mng'ao wa manjano ambayo mgeni wa kazi huweza kuyadhania dhahabu. Yakiwa ndani ya ardhi hayana neno. Yakitolewa nje yakakutana na hewa na maji, salfa yake hugeuka kuwa asidi ya salfuriki, ileile iliyomo kwenye betri za magari. Asidi hiyo huteremka na mvua, na njiani huyeyusha metali zilizomo kwenye mawe, kama vile shaba, zinki na aseniki, na kuzibeba. Maji ya namna hiyo huitwa maji ya tindikali ya mgodi. Mara nyingi huacha utando wa rangi ya kutu kwenye mawe ya kijito, ingawa yanaweza pia kuonekana maangavu kabisa huku hakuna samaki anayeishi ndani yake.

Ubaya wake ni kwamba huanza polepole na yakishaanza hayaishi upesi. Mwaka 2002, magharibi mwa Johannesburg, maji ya tindikali yalianza kufurika juu ya ardhi kutoka kwenye shimo la zamani, baada ya migodi ya eneo lile kufungwa na pampu zake kuzimwa. Dhahabu ya Witwatersrand ilianza kuchimbwa mwaka 1886. Waliokula faida ya miaka ya mwanzo walikuwa wamekwisha kufa zamani; bili ya kusafisha maji ikawaangukia walio hai.

Kinga yake haina siri. Kabla ya kuchimba, vipande vya mwamba kutoka kila upande wa shimo lijalo hupelekwa maabara kujua ni mawe gani yatatoa tindikali na yapi hayatatoa. Mawe yenye hatari hutengwa tangu siku ya kwanza, huzungukwa na mawe salama na kufunikwa kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa ili hewa na mvua visiyafikie. Mifereji huchimbwa juu ya rundo kuzuia maji safi yasiingie, na chini yake kukusanya yale machafu yapelekwe kwenye mtambo wa kusafishia.

Kazi hii yote ni rahisi lori likiwa bado linabeba jiwe, kwa sababu kulimwaga kulia au kushoto ni gharama ileile. Mawe yakishachanganywa kwenye kilima cha mamilioni ya tani, hakuna wa kuyachambua tena.

Kwa ufupi: jiwe lisilo na dhahabu linaweza kuwa na madhara makubwa kuliko kemikali ya kiwandani. Mgodi makini hulipima kabla ya kulitoa na kulitenga mara linapotoka.

## Bwawa la kuangaliwa kila siku

Kiwandani, mwamba huvunjwa, husagwa hadi ukawa laini, kisha huchanganywa na maji na sayanaidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu. Dhahabu iliyoyeyuka hunaswa na mkaa maalumu. Kinachobaki ni tope mfano wa uji mwepesi, ambalo husafirishwa kwa bomba hadi bwawani. Hilo ndilo bwawa la topesumu.

Watu wanaiogopa sayanaidi, na wana haki: ni sumu inayoua haraka. Mwishoni mwa Januari 2000, ukuta wa bwawa la mabaki ulipasuka huko Baia Mare nchini Romania, na takribani mita za ujazo 100,000 za maji yenye sayanaidi zikaingia mitoni. Samaki walikufa hadi ng'ambo ya mpaka, nchini Hungaria. Hata hivyo, sayanaidi huvunjikavunjika ikikaa juani na hewani, na inaweza kupunguzwa makali kiwandani kabla tope halijaenda bwawani. Aseniki na metali nzito hazina wema huo, kwani jua haliziunguzi. Ndiyo sababu sakafu ya bwawa inapaswa kutandikwa udongo wa mfinyanzi au nailoni nzito, ili tope lisinywewe na ardhi na kuingia visimani.

Hatari nyingine ni ukuta wenyewe. Bwawa la maji ya kunywa hujengwa mara moja likaisha. Bwawa la topesumu huongezwa kimo mwaka hadi mwaka kadiri tope linavyoongezeka, kwa hiyo ni jengo lisilokwisha hadi mgodi ufungwe. Njia ya bei nafuu ni kupandisha ukuta mpya kuelekea ndani, juu ya tope lililokwisha kuganda. Njia ya gharama zaidi ni kuujenga kuelekea nje, juu ya ardhi ngumu. Bwawa la Brumadinho nchini Brazili lilijengwa kwa ile njia nafuu. Lilikuwa halipokei tope tena, na bado lilibomoka tarehe 25 Januari 2019 na kuua watu 270.

Kwetu pia yametokea. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la mabaki ya mgodi wa almasi wa Mwadui, mkoani Shinyanga, ulibomoka, na tope likavamia makazi na mashamba ya jirani. Hakuna aliyekufa, lakini watu walipoteza nyumba na shamba kwa siku moja. Tarehe 18 Februari 2025, karibu na Chambishi nchini Zambia, ukuta wa bwawa la mgodi wa shaba ulibomoka na kumwaga takribani lita milioni 50 za maji ya asidi kwenye mkondo unaoingia Mto Kafue. Samaki walikufa, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji.

Adui mkuu wa ukuta wa tope ni maji yaliyozidi. Haya ndiyo mambo ambayo wanaolinda bwawa huyaangalia, na ambayo jirani ana haki ya kuyaulizia:

1. Nafasi ya akiba. Ni kimo kinachobaki kati ya uso wa maji na ukingo wa ukuta. Isipotosha, mvua kubwa ya usiku mmoja inaweza kuyapandisha maji yakapita juu ya ukuta.
2. Dimbwi limekaa wapi. Maji yanapaswa kukusanyika mbali na ukuta. Dimbwi likiegemea ukutani, ukuta unalowa na kudhoofika.
3. Mabomba ya kupimia. Ni mabomba membamba yaliyochimbiwa ndani ya ukuta kuonyesha maji yamepanda hadi wapi ndani yake.
4. Maji yanayochuruzika chini ya ukuta. Kiasi kidogo cha maji maangavu ni jambo la kawaida. Yakiongezeka ghafla, au yakigeuka kuwa na tope, maana yake ukuta unaliwa kwa ndani, na hapo ni king'ora na watu kuhama.

Baada ya Brumadinho, Agosti 2020 ulitolewa mwongozo wa kimataifa wa kusimamia mabwawa haya. Unataka kila bwawa liwe na kiongozi mmoja wa ngazi ya juu katika kampuni anayewajibika kwa jina lake, likaguliwe na wataalamu wasioajiriwa na mgodi, na taarifa zake ziwekwe wazi kwa umma. Jambo la maana zaidi ndani yake ni lile la jina. Bwawa lenye mwenyewe hukaguliwa hata siku ya sikukuu.

## Somo la Mto Tigithe

Mgodi wa North Mara uko Nyamongo, wilayani Tarime. Mto Tigithe unapita jirani, unaingia Mto Mara, nao Mara unamwaga maji yake Ziwa Victoria. Mei 2009, maji ya tindikali kutoka mgodini yalivuja na kuingia Tigithe. Wananchi walilalamikia maradhi ya ngozi na vifo vya mifugo. Kampuni iliyoumiliki mgodi wakati ule ilisema nailoni iliyotandikwa kwenye bwawa lake ilikuwa imeibwa.

Maelezo hayo yanafundisha jambo, hata ukiyachukua kama yalivyotolewa. Mgodi ambao jirani anaona nafuu kuiba nailoni ya bwawa lake kuliko kulilinda una tatizo ambalo haliponi kwa uzio. Jirani aliyepewa taarifa, aliyefidiwa haki yake na anayejua kwamba nailoni ile ndiyo inayomkinga yeye na ng'ombe wake, atakuwa wa kwanza kupiga kelele ikiguswa. Kwa hiyo uhusiano na kijiji ni sehemu ya kinga ya mazingira, kama ulivyo ukuta wenyewe.

Miaka kumi baadaye mambo yalikuwa hayajatulia. Mei 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi unaotokana na bwawa la topesumu. Julai mwaka huohuo ukazuiwa kulitumia bwawa hilo hadi dosari zirekebishwe. Wamiliki waliochukua usimamizi Septemba 2019 walikuta maji mengi yamelundikana bwawani, na kuyapunguza kukawa moja ya kazi zao za mwanzo. Kazi hiyo ingekuwa nyepesi kama mtambo wa kusafisha maji wenye uwezo wa kutosha ungejengwa sambamba na bwawa lenyewe.

Kwa ufupi: faini hulipwa mara moja, lakini maji yaliyolundikana hudaiwa kila msimu wa mvua. Kuchelewesha usafi hakuupi mgodi nafuu yoyote.

## Pima kabla, pima daima

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka mradi kama mgodi ufanyiwe Tathmini ya Athari kwa Mazingira kabla haujaanza. Kwa maneno mepesi, tathmini hiyo ni uchunguzi unaosema mradi utaharibu nini, utazuia vipi, na nani atafuatilia. Kenya ina utaratibu wa namna hiyo chini ya sheria yake ya mwaka 1999.

Sehemu yake yenye thamani kubwa kwa mwanakijiji ni vipimo vya mwanzo: hali ya maji, hewa na udongo kabla mtambo wa kwanza haujafika. Maeneo yenye dhahabu huwa na aseniki ya asili katika maji ya ardhini. Pasipo vipimo vya mwanzo, siku kisima kikionekana na aseniki mgodi utasema ilikuwapo tangu enzi, kijiji kitasema imeletwa na mgodi, na hakuna atakayeweza kuthibitisha. Vipimo hivyo vichukuliwe masika na kiangazi, maana maji ya mto mmoja hubadilika sana kati ya misimu hiyo, na nakala ibaki ofisi ya kijiji.

Baada ya hapo ni kupima bila kuchoka. Mgodi huchimba visima vya uangalizi, yaani visima vyembamba visivyo vya kunywa, vingine upande ambao maji ya ardhini yanatokea na vingine upande yanakoelekea. Vya upande wa pili vikibadilika na vya kwanza visibadilike, mwenye makosa amejulikana.

Tuseme kisima kimoja kiko pembeni ya shamba la mama mmoja, na afisa mazingira wa mgodi amefika asubuhi na vifaa vyake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mmekuja kupima tena? Mbona majibu ya mara ile hatujayaona?"

Akiwa mjuzi wa kazi yake, hatachota na kuondoka. Kwanza atayavuta na kuyamwaga maji yaliyolala ndani ya bomba, kwa sababu hayo hayaonyeshi hali ya ardhini. Atapima pH, kipimo cha tindikali chenye ngazi 0 hadi 14, ambacho kikishuka chini ya 7 maji yana tindikali. Kipimo kikitulia, atasuuza chupa kwa maji yaleyale kabla ya kuijaza. Maji ya kupimwa metali atayachuja na kuyatia matone ya asidi ili metali zisigande kwenye kuta za chupa. Ataandika namba ya kisima, tarehe na saa, ataweka chupa kwenye sanduku la barafu, na atajaza fomu itakayosainiwa na kila anayelipokea sanduku hadi maabara. Fomu hiyo ndiyo inayozuia chupa kubadilishwa njiani.

Kila hatua hapo ina sababu, na kijana wa kijiji aliyemaliza kidato cha nne anaweza kufundishwa kuzifuata. Migodi inayotaka kuaminiwa huchagua wanakijiji wawe mashahidi wa uchukuaji wa sampuli, na hugawa sampuli ileile kwa maabara mbili. Swali la mama nalo lijibiwe: majibu yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, yakiwa na safu tatu: kilichopatikana leo, kilichokuwapo kabla ya mgodi, na kiwango kinachoruhusiwa.

## Zebaki jikoni

Ingekuwa kosa kuzungumza kana kwamba wachafuzi ni makampuni makubwa peke yao. Wachimbaji wadogo ni wengi kuliko wafanyakazi wote wa migodi mikubwa, na riziki yao ni halali. Lakini kwao kuna zebaki.

Mawe yakitoka kwenye duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, hupasuliwa kwenye makarasha na kuoshwa kwenye mwalo. Zebaki humwagwa ndani ya mchanga mzito uliobaki, ikashikana na dhahabu. Mchanganyiko hukamuliwa kwa kitambaa, likabaki donge la rangi ya fedha, nalo huchomwa. Zebaki huruka kuwa mvuke, dhahabu ikabaki. Mara nyingi uchomaji hufanywa kwenye kikaango juu ya jiko la mkaa, nyuma ya nyumba au ndani ya duka la mnunuzi. Mvuke ule hauonekani wala haunuki. Huingia mapafuni, hudhuru ubongo na figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Ile iliyokwenda na maji hugeuzwa na vijidudu vya topeni kuwa aina inayopanda kutoka samaki mdogo hadi mkubwa, hadi mezani. Hivyo ndivyo walivyoathirika watu wa Minamata nchini Japani kutokana na zebaki ya kiwanda, maradhi yaliyotambuliwa rasmi mwaka 1956.

Mkataba wa kimataifa unaobeba jina la mji huo ulianza kutumika mwaka 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Unazitaka nchi zikomeshe kwanza mambo manne:

- kumwaga zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa, badala ya mchanga mzito uliokwisha kuchujwa;
- kuchoma donge la zebaki wazi, bila chombo cha kunasa mvuke;
- kuchoma kwenye makazi ya watu;
- kuweka sayanaidi kwenye marudio yenye zebaki kabla ya kuiondoa zebaki hiyo. Marudio ni mchanga uliokwisha kuoshwa ambao bado una dhahabu kidogo.

Jambo la pili lina dawa ya bei nafuu iitwayo retoti: chungu cha chuma chenye mfuniko unaobana na bomba linalopita kwenye maji baridi. Mvuke hupoa ndani ya bomba na kudondoka ukiwa zebaki tena, inayoweza kutumika mara nyingine. Mchimbaji anaokoa pafu lake na pesa yake. Mbele zaidi kuna meza za kutikisa na mashine za kuzungusha, zinazotenga dhahabu kwa uzito wake bila zebaki kabisa. Hapo ushirika wa wachimbaji una kazi, maana mashine isiyomudika kwa mtu mmoja humudika kwa kikundi.

Vumbi la makarasha nalo lisidharauliwe. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara nchini Nijeria, mawe ya dhahabu yenye risasi nyingi yalisagwa majumbani, na watoto zaidi ya 400 wakafa kwa sumu ya risasi. Makarasha yakae mbali na nyumba, mawe yalowanishwe yakisagwa, na mwalo usogezwe mbali na mto. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya 2004 imekataza shughuli za aina hiyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa.

## Kufunga kunaanza siku ya kufungua

Mgodi wa mchanga wa madini wa Kwale ulisafirisha mzigo wake wa kwanza Februari 2014, na uchimbaji ukamalizika Desemba 2024. Mtoto aliyezaliwa mgodi ulipokuwa ukianza alikuwa bado shule ya msingi ulipofungwa. Huo ndio umri wa migodi mingi: mfupi kuliko deni la mazingira unaloweza kuliacha.

Kwa hiyo mpango wa kufunga mgodi huandikwa kabla ya kuufungua. Udongo wa juu, wenye rutuba na mbegu, hukwanguliwa kwanza na kutunzwa kwenye malundo mafupi, maana ukirundikwa juu sana viumbe wanaoupa uhai hufa. Pale shimo linapomalizika upande mmoja hujazwa na kupandwa huku uchimbaji ukiendelea upande mwingine. Mchanga wa Kwale ulisaidia hili, kwa kuwa madini yake hutengwa kwa maji, sumaku na umeme, na mchanga uliobaki huweza kurudishwa mashimoni. Miamba ya dhahabu ni migumu zaidi. Shimo lake kubwa kwa kawaida huachwa lijae maji, likazungushiwa tuta na uzio, na maji yake kupimwa kwa miaka. Buzwagi, mgodi wa Kahama uliozalisha dhahabu kuanzia 2009 hadi 2021, uliamuliwa ugeuzwe ukanda maalumu wa kiuchumi ili majengo na miundombinu yake viendelee kutoa ajira.

Kinyume chake ni Kabwe, nchini Zambia. Mgodi wa risasi ulifungwa mwaka 1994 bila eneo kusafishwa ipasavyo. Watoto waliozaliwa miaka mingi baada ya hapo, ambao hawakuliona hata lori moja la mgodi, wamekutwa na risasi ndani ya damu yao kwa sababu ya vumbi wanalochezea.

Kinachotenganisha mwisho wa namna moja na wa namna nyingine ni dhamana ya ukarabati wa mazingira. Hiyo ni fedha, au ahadi ya benki, inayowekwa mapema mahali ambapo kampuni haiwezi kuigusa. Kampuni ikifunga vizuri inarudishiwa. Ikitoweka au ikifilisika, Serikali inaitumia kusafisha. Kiasi chake kinapaswa kukadiriwa upya mara kwa mara, kwa sababu bwawa la mwaka wa kumi ni kubwa kuliko la mwaka wa kwanza.

## Maswali ya kwenda nayo mkutanoni

Katiba ya Kenya, kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata taarifa. Tanzania ina Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Ukienda kwenye mkutano wa mgodi, beba maswali haya, na omba majibu yaandikwe kwenye muhtasari:

1. Dhamana ya ukarabati ni kiasi gani, iko benki gani, na itakadiriwa upya lini?
2. Vipimo vya maji vya kabla ya mgodi viko wapi, na kijiji kitapata nakala lini?
3. Ni mawe gani yana tindikali, na yatawekwa upande gani wa kijiji?
4. Ukuta wa bwawa unapandishwa kwa njia ipi, anayewajibika nao ni nani kwa jina, na ukibomoka tope litafika nyumba zipi?
5. King'ora kikilia tukimbilie wapi, na mazoezi yatafanyika lini?
6. Nani kutoka kijijini atashuhudia uchukuaji wa sampuli, na majibu yatabandikwa wapi?

Nimeliweka swali la dhamana mbele kwa makusudi. Dhahabu ikiwa inatoka, kampuni ina kila sababu ya kukaa vizuri na watu: ina leseni ya kulinda, ina wanahisa wa kuridhisha, ina mapato ya kulipia mtambo wa kusafisha maji. Dhahabu ikiisha, sababu hizo zote huondoka pamoja nayo, na mameneja wema waliotoa ahadi huwa wamehamia nchi nyingine. Fedha iliyokwisha kuwekwa haihitaji wema wa mtu yeyote. Kijiji kinachokubali ajira, barabara na zahanati bila kuuliza kuhusu fedha hiyo kimekubali nusu ya mkataba. Nusu nyingine watakuja kuisoma watoto wao, mgodi ukiwa umekwisha kufungwa.